Kobe wa Turkana Anahitaji Kuhesabiwa

Kusini-mashariki mwa Ziwa Turkana, katika sehemu za Loiyangalani, huishi kobe wa majini ambaye Wakenya wengi hawajapata kumsikia. Gamba lake lina urefu wa sentimita 15 hivi, kiasi cha kubebwa kwa mkono mmoja. Gamba la tumboni lina bawaba upande wa mbele. Akishtuka hukunja shingo kwa upande, kisha hufunga mlango wake. Jina lake la kisayansi, Pelusios broadleyi, alipewa na Mfaransa Roger Bour mwaka 1986 kwa heshima ya Donald Broadley, mtaalamu wa wanyama watambaao aliyefanya kazi Zimbabwe. Hajulikani kuishi penginepo duniani.

Mnyama mwenye makao mamoja tu hana pa kukimbilia. Ziwa Turkana halina mto utokao; maji yake hupungua kwa kugeuka mvuke tu, na zaidi ya asilimia 80 ya maji yaingiayo huletwa na mto Omo kutoka Ethiopia. Bwawa la Gibe III lilizinduliwa katika mto huo mwaka 2016, na mwaka 2018 UNESCO iliziingiza hifadhi za ziwa hili katika orodha ya Urithi wa Dunia ulio hatarini. Baadaye, mvua kubwa za miaka ya 2019 na 2020 zilipandisha maji yakafunika kingo. Kwa kobe atagaye mayai nchi kavu, ukingo unaohamahama si jambo dogo. Isitoshe, miongoni mwa jamaa zake joto la kiota ndilo linaloamua kama kitaanguliwa kike au kiume.

Wako watakaouliza: katika nchi ya ukame na njaa, kobe ana faida gani? Swali hilo ni la haki. Jibu ni kwamba maji ya kina kifupi anamoishi kobe ndimo pia wanamokulia samaki wachanga, na samaki ni chakula cha watu wa ziwa. Anayechunguza hali ya kobe huchunguza pia hali ya ukingo.

Wala gharama si kubwa. Kobe hunaswa, akatiwa alama ndogo ukingoni mwa gamba, akaachiliwa. Baadaye wanaponaswa wengine, uwiano wa wenye alama na wasio nazo hutuwezesha kukadiria idadi yao. Wavuvi wa El Molo na Waturkana, wanaolijua ziwa kuliko sisi wa vyuoni, wawe washirika wenye kulipwa katika kazi hiyo.

Hatari ya kutegemea vielelezo vya makumbusho peke yake imekwisha kuonekana. Vitabu vilimtaja kobe wa majini wa Shelisheli, aliyeelezwa mwaka 1906 kutokana na vielelezo vitatu. Alipotafutwa asionekane, alitangazwa kuwa ametoweka. Mwaka 2013 uchunguzi wa chembe za urithi ulibainisha kwamba vielelezo hivyo ni vya aina ya kobe wa Afrika ya Magharibi. Kobe wa Shelisheli hakuwapo kamwe.

Kobe wetu yupo. Hapana budi vyuo vikuu vyetu viwapeleke wanafunzi Loiyangalani, kila mwaka na kwa miaka mingi mfululizo, wamhesabu. Bila hesabu hiyo, siku atakapopungua hatutakuwa na cha kulinganisha.