Kusimama Hakungoji Kutembea



Huko Masasi, na juu kwenye uwanda wa Newala, msimu wa korosho uingiapo mama huondoka alfajiri kwenda shamba, na mtoto mwenye mtindio wa ubongo hubaki amelala mkekani. Miaka hupita naye yu chali vile vile. Watu husema, "Huyu hatatembea, kumsimamisha kwa nini?" Neno hili ndilo tutakalo kulijibu mwezi huu.

Kwanza tujue kwamba hali hii si laana wala si kazi ya shetani. Ni dhara lililoupata ubongo mchanga tumboni, au wakati wa kuzaliwa kwa kukosa hewa, au baadaye kwa umanjano mkali wa uchanga, homa ya uti wa mgongo, ama malaria iliyopanda kichwani. Dhara lenyewe haliongezeki. Lakini viungo visivyotumika huharibika. Misuli hukaza na kufupika, magoti hujikunja, mifupa hudhoofika, na kichwa cha paja huweza kutoka taratibu nyongani.

Kwa hiyo kusimamishwa kwa msaada hakumfai yule atakayetembea tu. Humfaa hata asiyetembea maisha yake: hunyosha misuli, huisaidia mifupa, na humwezesha kuwatazama wenziwe uso kwa uso.

Kinachotakiwa ni fremu yenye ubao wa kukanyagia, mikanda ya magoti, nyonga na kifua, na meza ndogo mbele. Uwanda wa Makonde haukosi mafundi wa mbao. Lakini fundi asikate ubao kabla mtoto hajapimwa. Mpelekeni Mkomaindo, Ndanda au hospitali ya Newala, mkamwulizie mtaalamu wa viungo; maana nyonga iliyotoka, au goti lisilonyoka, huumia likilazimishwa. Aanze kwa dakika chache, aongezwe polepole hata ifike karibu saa moja, siku tano kwa juma. Akilia kwa maumivu, au miguu ikibadilika rangi, mteremsheni.

Wala kazi hii si ya mama peke yake. Baba na amfunge mikanda; dada na amsomeshe alifu akiwa amesimama. Sheria yetu imemruhusu asiyeweza kusimama aswali ameketi. Ruhusa hiyo ni rehema kwake. Si udhuru kwetu sisi tuwezao kumsimamisha.