Bi harusi unayekwenda India, pasipoti yako itakaa wapi?



Huu ni mwezi wa tisa tangu nihamie Hyderabad, na ujumbe ninaoupokea sana kutoka nyumbani Unguja ni mmoja: "Dada, lehenga huko bei gani?" Najibu. Nikenda Pathergatti au Laad Bazaar napiga picha, natuma, naambiwa ghali, natafuta nyengine. Nguo za maharusi ndiyo kazi yangu tangu nilipomaliza skuli nikasomea ushoni, kwa hiyo sichoki kuzungumza habari hizo.

Ila kati ya wanaoniandikia wapo watatu ambao wakishaolewa wanakuja kuishi huku huku India, waume zao wanasoma. Wameniuliza lehenga, wameniuliza bangili, wameniuliza udi unapatikana au waje nao. Hajaniuliza hata mmoja akishafika pasipoti yake itakaa kwa nani, na laini ya simu itakuwa kwa jina la nani. Siwalaumu, maana na mimi sikuuliza.

Nilidhani naijua India. Nani kati yetu hakukulia kwenye filamu za Kihindi? Vitambaa ninavyouza miaka yote vinatoka huku. Na kweli nilipofika nilikuta maneno yetu yamenitangulia: duka, gari, chai, achari, rangi, hesabu, bima. Elfu mia moja na wao ni laki. Fundi wa nguo wanamwita darzi, nikacheka, maana sisi kudarizi tunakujua kwenye kofia. Bajaji tu ndiyo hawaielewi ukiita hivyo, na wenyewe ndio wanaozitengeneza! Wao wanasema auto.

Wiki za mwanzo mtu anaishi kwa kulinganisha. Biriani lao wali na nyama vinaiva pamoja ndani ya sufuria moja, ukiulizia sosi unaletewa mchuzi wa pilipili kubwa wenye karanga na ufuta. Mji hauna bahari, samaki wa sokoni kwetu ni wa maji baridi na miba yake haihesabiki. Msikiti wa mtaani ni wa Kihanafi kama misikiti mingi ya huku, kwa hiyo adhana ya alasiri inakuja nyuma sana kuliko tuliyoizoea sisi Mashafii. Siku ya kwanza nilidhani muadhini amepitiwa na usingizi. Misikiti mingi haina pahala pa wanawake, basi unasali nyumbani. Ramadhani iliyopita nililia kwa kukosa muhogo wa tui, ingawa halimu yao sitaisema vibaya.

Na utatazamwa. Hilo nalisema wazi kwa sababu hakuna aliyeniambia. Mwanamke mweusi aliyevaa buibui sawasawa na wao bado anageukiwa na bajaji nzima. Ajabu ni kwamba mji huu huu una mtaa unaoitwa AC Guards, umepata jina kwa kikosi cha Waafrika wapanda farasi waliomtumikia Nizam, mtawala wa zamani, na wajukuu zao wapo mpaka leo. Kusini kuna Barkas, mtaa wa watu wenye asili ya Hadhramaut, nao babu zao walikuja kuwa askari wa Nizam huyo huyo. Barkas ni Mashafii kama sisi, na wanaume wanatembea na vikoi njiani. Siku ya kwanza kufika pale nusura nimwamkie mzee mmoja nikidhani ni mjomba.

Haya yote unayazoea. Ninachotaka kusema leo si hayo.

India ni nchi ya karatasi na ya namba ya simu. Mgeni mwenye viza ya kukaa zaidi ya siku 180 anatakiwa ajiandikishe kwenye ofisi ya wageni ndani ya siku 14 tangu kuingia. Mwenye nyumba naye analazimika kuitaarifu serikali ndani ya saa 24 kwamba ana mgeni. Malipo ni kwa simu, hata muuza kotmiri wa mkokoteni ana kibao chake cha kupiga picha na simu ulipie, wanaita UPI. Si kama pesa za simu tulizozizoea kwetu, hii imefungwa na akaunti ya benki, na benki imefungwa na namba ya simu. Kila unalotaka kufanya, kuagiza gesi, kukata tiketi ya treni, kuona jibu la vipimo, inatumwa namba ya siri ya mara moja, ile OTP, kwenye simu iliyoandikishwa. Asiye na namba hiyo ni kama hayupo.

Mimi nilifika na mwanangu wa miaka minne, mume wangu alitutangulia kwa masomo. Alikuwa ameshatayarisha kila kitu, Allah amjaalie kheri. Laini aliyonipa ilikuwa kwa jina lake. Akaunti ya benki ni yake. Mkataba wa nyumba wake. Pasipoti zetu zote tatu alizitia kwenye bahasha moja ndani ya mkoba wake wa vitabu ili zisipotee. Nikaona raha. Nyumbani nina duka, nina wasichana wawili wanaonisaidia, mimi ndiye ninayebishana na wauza majora na ninayelipa kodi. Nikasema mwaka huu acha nipumzike, nihudumiwe.

Mwezi wa tisa alisafiri kwenda Delhi, ubalozini kwetu, kwa shughuli za pasipoti yake. Ni mbali, kilomita kama 1,500. Mkoba wa vitabu aliondoka nao, bahasha ikiwa ndani. Usiku wa pili mtoto akapata homa. Ulikuwa msimu wa mvua, na msimu huo huku kila mtu anazungumza dengi, kwa hiyo sikungoja asubuhi.

Hospitali walinipokea vizuri, sina neno nao. Lakini mapokezi walitaka pasipoti na viza ya mtoto, sina. Walitaka malipo ya mwanzo ya vipimo, nina rupia 600 mkononi. Nilijaribu kuingia kwenye akaunti, ile namba ya siri ikaenda Delhi kwenye simu ya mume wangu, na yeye yuko ndani ya treni, mtandao unakuja unakatika. Nyumbani Unguja kulikuwa na pesa zangu mwenyewe, za jasho langu, na zisingenisaidia hata kununua panadoli. Nilisimama pale na mtoto begani. Mimi ninayewaambia bi harusi za watu "tulia, kila kitu kitakuwa sawa", miguu ilikuwa inanitetemeka.

Alinisaidia mama wa ghorofa ya chini kwetu, tunamwita khala, ndiye aliyenisindikiza. Alilipa rupia 3,400 kwa simu yake, akazungumza na wale vijana wa mapokezi kwa Kiurdu chake cha kufoka, wakamwandika mtoto kwa picha ya viza niliyotumiwa na mume wangu saa mbili baadaye. Haikuwa dengi, alhamdulillah. Alfajiri tulirudi. Khala hakuniuliza deni, aliniuliza swali moja: "Kwa nini karatasi zako hazikai kwako?"

Sikuwa na jibu la maana. Mume wangu si mtu wa kuninyima kitu. Hilo ndilo lililonifikirisha zaidi, kwamba mtu mwema na mke wake wanaweza kufika pahala pabaya namna ile bila ya mmoja wao kukosea kwa makusudi. Sasa fikiria akiwa si mwema.

Nina bi harusi niliyemshonea miaka mitatu nyuma, yeye alipelekwa mji mwengine wa India. Viza yake iliisha bila yeye kujua, kwa sababu hakuwahi kuishika pasipoti akasoma tarehe. Mume alisahau, au alijidai amesahau, sijui. Alipofiwa na mama yake hakuweza kupanda ndege. Ukipitisha muda huku hutoki mpaka ulipe faini na upewe kibali cha kutoka. Mama yake alizikwa, akasomewa hitma, yeye bado anazungushwa na karatasi. Huyu aliolewa kwa sherehe ya siku tatu. Nguo ya siku ya pili nilimtia lulu kwa mkono wiki nzima.

Najua nitakaloambiwa, maana nimeshaambiwa na wifi yangu. Kwamba mke akianza ndoa kwa kudai pasipoti yake anaonesha hamwamini mumewe. Kwamba sisi tumefunzwa kumtii mume, si kushindana naye. Mimi si shekhe na sitoi fatwa. Lakini Qurani imetuamrisha tukikopeshana tuandikiane, na waliosemeshwa pale ni waumini, watu wanaotakiwa kuaminiana. Kuandika hakukuhesabiwa kuwa ni kutuhumiana. Na mali ya mke katika dini yetu ni ya mke, mahari yake yake. Pasipoti ina jina langu na picha yangu. Nikiishika mimi nimepunguza utii gani? Chakula kimepikwa, ruhusa ya kutoka nimeomba, mume kaheshimiwa.

Tena masharti ya ndoa ni kitu kinachojulikana, na Mtume wetu (s.a.w.) amesisitiza kwamba hayo ndiyo yenye haki zaidi ya kutimizwa. Kwetu wazazi wanakaa kuzungumza mahari, begi, kitanda, idadi ya doti za khanga. Wanazungumza mpaka sahani za karamu. Binti anapelekwa nchi ambayo hajui hata kuomba maji kwa lugha yake, na hakuna mzee anayesema: tunataka mtoto wetu awe na laini yake kwa jina lake, karatasi zake akae nazo mwenyewe, na tikiti ya kurudi siku akihitaji iwe juu ya fulani. Wazee wangu wanisamehe, lakini tunawapamba watoto wetu kuliko tunavyowatayarisha. Na mimi ninayewapamba nimo kwenye lawama hiyo.

Kuna jambo jengine linawahusu wale mliosoma ushoni au mna biashara zenu. Viza ya kumfuata mume mwanafunzi hairuhusu kufanya kazi. Mmoja kati ya wale watatu anapanga kuja na cherehani yake ashone kwa malipo. Mdogo wangu, usije na tamaa hiyo. Mimi cherehani ninayo, nashona magauni ya mwanangu na mapazia, basi. Duka la nyumbani nalisimamia kwa simu, nikikumbuka kwamba sisi tuko mbele kwa saa mbili na nusu. Kwa hiyo usifunge biashara yako ya nyumbani kwa kuolewa. Mwachie mtu unayemwamini, hata ikiwa ni meza moja ya mitandio, upate cha kwako.

Aliporudi mume wangu kutoka Delhi tulizungumza. Nilingoja ale, apumzike, nikamwambia bila ya kelele. Kwanza aliona namlaumu, akanuna kidogo. Halafu yeye mwenyewe akatoa bahasha, akanipa yangu na ya mtoto. Wiki ile ile tulikwenda kununua laini kwa pasipoti yangu na viza yangu. Duka la kwanza walitukataa kwa sababu ni wageni, la pili wakakubali. Sasa nina rupia taslimu ambazo hazigusiki, zimo ndani ya kopo la vifungo. Namba 112, ya dharura kwa India nzima, nimemfundisha hata mtoto. Na nimejifunza Kiurdu cha kugombana na dereva wa bajaji, ambacho kwa kweli ndicho kinachohitajika zaidi.

Juzi nimepanda basi la serikali. Tangu Disemba 2023 wanawake wa jimbo hili la Telangana wanapanda mabasi ya kawaida bure, wakionesha kitambulisho chao. Konda aliniona nimekaa na wenzangu wote wamevaa buibui, akanipita akijua ni mwenyeji. Nikamwita nilipe. Akanitazama, akauliza natoka wapi. Nikamwambia Zanzibar. Hakuijua, lakini tiketi alinikatia, na kina mama waliokuwa nyuma yangu wakaanza kuniuliza nina watoto wangapi. Nusu saa nzima. Nikashuka nikiwa nimealikwa chai.

Pasipoti zetu mbili sasa zimo kwenye sanduku langu la mikasi na futi, na nakala zake ziko kwa mama Unguja na kwenye barua pepe yangu. Tarehe ya kuisha viza nimeiandika kwa chaki ya ushoni ndani ya mlango wa kabati. Ni mwezi wa saba. Mwezi wa tano tunaanza kuishughulikia.