Nguvu za kiume: tuache kumusingizia bibi

Katika kitabu hiki tunatetea desturi za wazee wetu, na ni vizuri. Lakini huku kwetu Kivu kuna jambo moja ambalo nakataa kuliita desturi: mwanaume akishindwa kitandani, jamaa yote inamugeukia bibi. Eti amemufunga bwana, eti mama yake ni mulozi. Anarudishwa kwao na muzigo wake kichwani, na mahari inaanza kudaiwa. Juu ya nini? Nani alimupima yule bwana?

Mimi ni mwalimu, si dokta. Lakini kile tunachofundisha watoto katika biolojia kinatosha. Uume unasimama kwa sababu damu inaingia ndani yake na kubakia. Mishipa ikiharibika, damu haifiki. Na vinavyoiharibu vinajulikana: ugonjwa wa sukari, tansio ya juu, tumbaku, mafuta mengi katika damu. Kanyanga ya kila magaribi inachokesha neva. Hata dawa zingine za tansio zinaweza kupunguza nguvu. Tena kuna mawazo: mutu aliyekaa miezi bila mushahara, ao aliyekimbia vita, mwili wake unaweza kukataa. Kama asubuhi anaamka uume umesimama, mara nyingi mishipa iko mizima, shida iko katika roho. Hapo bibi aliroga wapi?

Watanijibu: “Mizizi ya wazee inaponyesha.” Sipigani na mizizi. Ila ule unga wa sokoni hauna jina wala kipimo. Katika nchi nyingi, wapimaji wamekuta ndani ya unga wa namna hiyo sildenafil, dawa ya kizungu iliyoruhusiwa Marekani mwaka 1998, imechanganywa kwa siri. Mutu anayetumia dawa za moyo zenye nitrati akiimeza, tansio inaweza kushuka mpaka afe. Ule nao ni urithi wa mababu?

Na hatari kubwa njo hii: mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hiyo mara nyingi inalalamika ya kwanza, miaka mbele ya moyo. Anayemufukuza bibi anabaki na ugonjwa wake ndani ya nyumba.

Wazee waliketi na kuuliza mbele ya kukata maneno. Tufanye vilevile: bwana na bibi waende pamoja kwa kituo cha afya, bwana apimwe sukari na tansio. Kumuhukumu mwanamke bila kupima kitu si desturi. Ni woga wetu sisi wanaume.