Anza na bao la kujifunza

BARAZANI na Saida Makame

Muulize kijana anayetaka kutengeneza gemu ataanza na ipi. Atakutajia mji mzima wenye magari, bunduki na wachezaji mia mtandaoni. Hiyo ni kazi ya mamia ya watu wanaolipwa mishahara. Wewe una kompyuta moja na likizo ya Desemba. Tengeneza bao.

Tena si lile la kunamua, lenye nyumba na kete 22 mkononi. Hilo litakutoa jasho. Chukua bao la kujifunza: mashimo 32, kete 2 kila shimo, basi. Itabidi uiambie kompyuta yote ambayo babu huyafanya huku akipiga soga: kete zinakwenda upande gani, lini unakula, lini unalala na zamu inakwenda kwa mwenzako. Kompyuta huanza kuhesabu na sifuri, kwa hiyo shimo la nane kwake ni namba 7. Ukisahau hilo, kete zitapotea na utakesha ukizitafuta. Kazi yenyewe ndiyo hiyo. Asiyeipenda aendelee kucheza tu, wala si aibu.

Programu ya kutengenezea ipo bure: Godot, iliyoanzia Argentina. Ukishaipakua unafanya kazi hata bando likiisha.

Wapo walioanza na kidogo kuliko hicho. Lual Mayen, mtengenezaji gemu wa Sudan Kusini, alikulia katika kambi ya wakimbizi kaskazini mwa Uganda. Mama yake alidunduliza miaka 3 kupata dola 300 za kompyuta, naye akawa anatembea saa 3 kwenda kuichaji. Simtaji ili wazazi na serikali wapate kisingizio. Umeme ni tatizo, na wa kulitatua si mtoto. Namtaja kwa sababu gemu yake, Salaam, inamhusu mkimbizi anayekimbia vita, jambo alilolijua kuliko watengenezaji wengi wa Marekani. Mwaka 2018 tuzo za The Game Awards zilimtambua.

Kuuza ni baadaye. Google Play hutoza dola 25 mara moja, Steam dola 100 kwa kila gemu, na itch.io haidai ada ya kuweka gemu. Kabla ya kumwomba mzazi fedha hizo, mpe simu yenye gemu yako mzee mmoja wa barazani anayejua bao, kisha ukae kimya umtazame. Ukijikuta unamwelekeza abonyeze wapi, gemu bado haijaiva.