Kibandiko cha kartoni hakimlindi mgonjwa

Kila habari za dawa bandia zinapotokea magazetini, hakukosekani mtu wa kutuambia kwamba mitambo ndiyo itakayotuokoa. Mtambo unaosifiwa sana ni kibandiko cha redio, kile ambacho wataalamu hukiita kwa herufi RFID. Tunaambiwa kwamba vibandiko hivi vikitiwa kwenye kila kartoni ya dawa inayoingia nchini, hakuna mlaghai atakayepata mwanya. Mimi ni daktari wa kawaida, naona wagonjwa kuanzia asubuhi hadi jioni, na sina ugomvi na mitambo. Hata hivyo, ndugu msomaji, ningependa tuelewane mapema juu ya jambo moja. Kibandiko cha kartoni hulinda kartoni. Mgonjwa hamezi kartoni, humeza tembe.

Tuanze kwa kueleza kitu chenyewe. Kibandiko cha redio ni kijikaratasi chenye chembe ndogo ya elektroniki na waya mwembamba unaofanya kazi ya antena. Aina inayotumiwa zaidi maghalani haina betri. Mashine ya kusoma inapotuma mawimbi ya redio, kibandiko hupata nguvu kutoka kwa mawimbi yayo hayo, kisha hujibu kwa kutaja nambari yake. Hakihitaji kuelekezewa mashine kimoja kimoja kama ile mistari myeusi ya supamaketi. Mzigo ukipitishwa penye mlango wa ghala, vibandiko vingi vinaweza kusomwa kwa muda wa sekunde chache.

Sasa fikiria jinsi dawa zinavyosafiri. Tuseme tembe kumi zimo katika kipande kimoja, vipande kumi katika pakiti, na pakiti hamsini katika kartoni. Kartoni hiyo moja ina tembe 5,000. Kiwandani, kompyuta huandika kwamba kartoni yenye nambari fulani imebeba pakiti zenye nambari hizi na hizi. Kuanzia hapo, msimamizi wa ghala hana haja ya kufungua. Husoma nambari ya nje na kuamini kwamba yaliyomo ndani ni yale yaliyoandikwa.

Neno kubwa hapo ni kuamini. Ikiwa aliyepakia mwanzoni alikosea hesabu, kosa hilo litasafiri na kartoni hadi mwisho. Ikiwa mtu aliifungua njiani, akatoa pakiti kumi halali na kutia kumi za bandia, kisha akaifunga vizuri, kibandiko cha nje kitaendelea kutaja nambari ile ile kwa uaminifu wote. Hakijui kwamba tumbo la kartoni limebadilishwa.

WALIOTANGULIA WALIFANYA NINI?

Wahenga walisema mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Februari 2004, idara ya Marekani inayosimamia chakula na dawa, FDA, ilitoa ripoti kuhusu dawa bandia ikitarajia kwamba kufikia mwaka 2007 vibandiko vya redio vingekuwa vimeenea katika biashara ya dawa. Kampuni kubwa ziliitikia. Purdue Pharma ilianza kuvibandika kwenye chupa za OxyContin, dawa kali ya maumivu. Pfizer nayo ikafanya hivyo kwa Viagra iliyouzwa nchini humo, dawa ambayo walaghai wanaipenda mno.

Lakini Marekani ilipopitisha sheria yake ya kufuatilia dawa mnamo Novemba 2013, iliagiza kitu kingine. Kila pakiti ichapishwe nambari yake ya pekee ndani ya mraba mdogo wa vidoti vyeusi. Nchi za Muungano wa Ulaya zilifuata njia hiyo hiyo kuanzia Februari 9, 2019. Huko, dawa nyingi zinazotolewa kwa cheti cha daktari huwa na nambari ya pekee kwenye pakiti, pamoja na kifungio kinachoonyesha kama pakiti imewahi kufunguliwa. Mfamasia huihakiki nambari hiyo kabla dawa haijamfikia mgonjwa.

Udhaifu wa redio si siri. Kuchapisha vidoti ni gharama ya wino, hali kibandiko cha redio hununuliwa kimoja kimoja. Tena mawimbi hayo yana maadui wawili: maji huyameza na chuma huyarudisha. Chupa za dawa ya maji na tembe zilizofungwa kwa karatasi ya aluminiamu ndizo bidhaa zinazosumbua mashine zaidi, na ndizo hizo hizo zilizojaa katika maduka yetu ya dawa.

Si kwamba kibandiko cha redio kimekosa kazi. Baadhi ya hospitali za Marekani hukitumia katika sinia za dawa za dharura. Sinia moja huwa na vichupa vingi, na zamani mfanyakazi wa famasia alilazimika kushika kila kimoja na kusoma tarehe. Sasa sinia huingizwa ndani ya sanduku lenye mashine ya kusoma, na mara moja orodha hutoka: hiki kimepungua, kile kinakaribia kuisha muda. Hapo mtambo unafaa kwa sababu kila kichupa kina kibandiko chake, na sinia haitoki mikononi mwa watu wa hospitali ile ile.

KARTONI YETU HUFUNGULIWA

Hapa kwetu hali ni tofauti kabisa. Muuzaji wa jumla hufungua kartoni na kuuza pakiti chache kwa kemisti wa mtaani. Kemisti naye hufungua pakiti, akachukua makasi na kukata kipande cha tembe nne kwa sababu mteja ana pesa za tembe nne tu. Simlaumu mteja huyo, kwani mfuko wake ndio unaoamua. Tembe hutiwa ndani ya bahasha ya kaki, nje pakaandikwa "1x3", na safari ya dawa ikaisha. Nambari ya bechi, yaani nambari inayoonyesha dawa zilizotengenezwa kwa mkupuo mmoja, imebaki kwenye pakiti. Mara nyingi tarehe ya kuisha muda nayo imebaki huko.

Huenda ukauliza nambari ya bechi ina faida gani kwa mgonjwa. Julai 2018, nchi za Ulaya zilianza kuziondoa madukani baadhi ya tembe za valsartan, dawa ya shinikizo la damu, baada ya kupatikana humo kemikali iitwayo NDMA ambayo inashukiwa kusababisha saratani. Agizo hilo lilienea hadi nchi nyingi duniani. Si valsartan zote zilizohusika, na kilichotenganisha nzuri na mbaya kilikuwa jina la mtengenezaji na nambari ya bechi. Siku hizo mzee mmoja alinijia kliniki na bahasha yake ya kaki, akaniuliza, "Daktari, hizi zangu ni zile?" Nilizigeuza tembe mkononi na sikuwa na jibu la kumpa. Nambari ilikuwa imetupwa pamoja na pakiti mahali alipozinunua. Nilimwandikia dawa nyingine na kumsihi asikae hata siku moja bila dawa ya shinikizo.

Mfano wa karibu zaidi ni wa Aprili 2024. Nigeria ilitangaza kwamba imepata sumu ya diethylene glycol, ambayo huharibu figo, katika bechi nambari 329304 ya dawa ya kikohozi ya watoto, Benylin. Kampuni inayomiliki dawa hiyo ilisema uchunguzi wake haukupata sumu hiyo. Hata hivyo Bodi ya Dawa na Sumu hapa Kenya ilifanya vyema kuamuru bechi hiyo iondolewe, na nchi kadhaa za Afrika zikafanya vivyo hivyo. Mzazi aliyekuwa na chupa yenye lebo yake aliweza kuisoma nambari kabatini kwake na kujua la kufanya. Kibandiko cha redio kwenye kartoni kingemsaidia msambazaji kujua kartoni zilikwenda kwa nani. Kuanzia pale zilipofunguliwa, kisingeweza kusema lolote.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2017 kwamba katika nchi zenye kipato cha chini na cha kadiri, dawa moja kati ya kumi ama ni duni ama ni bandia. Sisi wenyewe tunakumbuka mwaka 2011, wakati tembe bandia za kupunguza makali ya ukimwi, zilizoitwa Zidolam-N, zilipogunduliwa humu nchini zikiwa zimekwisha kuwafikia wagonjwa. Baadhi ya tembe hizo zilikuwa zimebadilika rangi na kuota ukungu. Kasoro kama hiyo huonekana na mtu aliyefungua kifuko akatazama, wala si na mashine inayosoma kartoni mlangoni mwa ghala.

SERIKALI INAJUA NJIA

Wapo watakaosema kufuatilia kila pakiti ni ndoto kwa nchi kama yetu. La hasha! Chukua chupa ya maji uliyonunua dukani uitazame shingoni. Utaona stempu ya Mamlaka ya Ushuru, KRA. Stempu za aina hiyo zilianza mwaka 2013 kwa sigara, mvinyo na pombe kali, na Novemba 2019 zikafika kwenye maji ya chupa, juisi na soda. Kila stempu ina nambari yake, na mnunuzi anaweza kuihakiki kwa simu. Ilipokuwa ni shilingi ya kodi inayotafutwa, serikali haikuridhika na lebo ya kartoni. Ilifuata chupa moja moja hadi mkononi mwa mnywaji. Je, tembe ya malaria ina thamani ndogo kuliko chupa ya maji?

Kwa hivyo maoni yangu ni haya. Vibandiko vya redio vitumiwe panapofaa: katika maghala ya KEMSA, katika mizigo ya chanjo na katika hospitali kubwa. Humo vitapunguza wizi na kuonyesha haraka mzigo ulipo. Lakini iwe sharti kwamba kartoni ikifunguliwa, nambari yake ifungwe katika kompyuta, na kilichotolewa kiandikishwe upya pakiti kwa pakiti. Pili, kila pakiti iwe na nambari yake ya pekee inayoweza kuhakikiwa hata na mwenye simu ya bei ya chini. Tatu, kemisti anayekata kipande cha tembe alazimishwe kuandika kwenye bahasha jina la dawa, mtengenezaji, nambari ya bechi na tarehe ya kuisha muda. Hili la tatu halihitaji mkopo wa ng'ambo wala zabuni. Linahitaji kalamu, na linaweza kuanza Jumatatu.

Nina tahadhari moja. Dawa bandia na dawa ya bei nafuu iliyotengenezwa kihalali na kampuni nyingine ni vitu viwili mbalimbali. Sheria yetu ya mwaka 2008 dhidi ya bidhaa ghushi iliandikwa kwa namna ambayo ingeweza kuzichanganya, hata watu wanaoishi na virusi vya ukimwi wakaenda mahakamani. Aprili 2012 Mahakama Kuu iliwapa haki. Mfumo wowote wa kufuatilia dawa usije ukageuzwa ukuta wa kuzuia dawa nafuu, wala gharama yake isitupwe yote mgongoni mwa mgonjwa. Gharama hiyo ndiyo sababu nyingine ya kupendelea wino wa kuchapisha.

Hadi hayo yatakapotimizwa, msomaji, yapo unayoweza kufanya leo. Ukinunua dawa, omba uione pakiti yenyewe kabla tembe hazijakatwa. Soma jina, nambari ya bechi na tarehe. Ukiuziwa kipande, mwambie kemisti akuandikie mambo hayo kwenye bahasha, au yaandike wewe mwenyewe hapo hapo kaunta. Usiitupe bahasha hadi dawa iishe. Tembe ikiwa na rangi, harufu au umbo usilolizoea, irudishe na umwarifu daktari wako au Bodi ya Dawa na Sumu. Na ukisikia dawa unayotumia imeondolewa madukani, usiiache ghafla kwa hofu, hasa ya shinikizo, kisukari au kifafa. Ilete kliniki pamoja na bahasha yake. Tukiikuta nambari hapo, tutajua la kufanya kwa dakika moja.