Wahandisi wa Mji Mkongwe

Tarehe 25 Desemba, 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba lililojengwa mwaka 1883, iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Tangu mwaka 1985 Mji Mkongwe wa Zanzibar una Mamlaka yake ya Uhifadhi na Uendelezaji. Lakini mamlaka yoyote isiyo na wahandisi na wapangaji miji wa kutosha ni jahazi lisilo mabaharia. Kuta za mawe na chokaa hupumua. Saruji huzifungia unyevu na kuzilegeza. Elimu hiyo haipatikani kwa kujuana. Kwa hivyo twaiomba Serikali: nafasi hizo zitangazwe hadharani, wapewe wenye ujuzi, na vijana wa Visiwani wafunzwe na mafundi wakongwe kabla ujuzi wao haujazikwa nao. Ukuta uliopasuka haungoji barua ya ajira.