Mbwa Anayehasiwa Haumwi

Oktoba 2025 Mamlaka ya Ushindani na Masoko ya Uingereza, CMA, ilitoa uamuzi wake wa awali kuhusu kliniki za wanyama wa nyumbani. Pendekezo mojawapo lilikuwa dogo mno kugombaniwa: kila kliniki itangaze bei za huduma zake za kawaida. Kinyozi wa Kariakoo amezibandika zake ukutani. Bado wapo madaktari wanaonung'unika kwamba bei zao hazilinganishwi, kwamba kila mgonjwa ana lake, na kwamba orodha itampotosha mteja.

Hoja hiyo inaporomoka pale pale ilipo meza ya kuhasi.

Bei kutofautiana si dhambi. Dume hukatwa mkato mdogo. Jike hufunguliwa tumbo. Mbwa wa kilo 40 anahitaji dawa nyingi za nusukaputi kuliko wa kilo 5. Kliniki moja hupima damu kwanza, huweka dripu, humsimamisha nesi asiye na kazi nyingine ila kuangalia pumzi na mapigo ya moyo, kisha humpa mwenye mbwa dawa za maumivu za kwenda nazo nyumbani. Kwa nyingine hayo yote hulipiwa kando. Wapo wanaofanya upasuaji wa matundu kwa kamera ya bei mbaya. Kodi ya pango London si ya kijiji cha Wales. Na wapo wanaohasi kwa bei ya kutupa, wakijua mbwa aliyeingia leo atarudi miaka na miaka kwa chanjo na dawa za viroboto.

Haya. Lipi kati ya hayo haliandikiki?

Paka anayetapika ni fumbo: huenda kala kitu kibovu, huenda kameza uzi, na daktari hawezi kutaja bei kabla hajamshika tumbo. Anayehasiwa haumwi. Kapangiwa siku yake, uzito uko kwenye faili, umri unajulikana, jinsia haina ubishi. Hata jike aliye kwenye joto, au dume ambaye korodani yake moja imebaki tumboni, anaweza kuandikiwa nyongeza yake mapema. Ukipiga simu, mtu wa mapokezi anakusomea bei kutoka kwenye kompyuta. Bei inayosomeka kwa simu inashindwaje kusomeka kwenye tovuti?

Wanaodai kwamba orodha itaficha ubora wanajichanganya wenyewe. Anayetoza maradufu kwa sababu ana nesi wa nusukaputi ndiye angefaidika zaidi kuliandika hilo. Asipoliandika, mteja anabaki na namba mbili tupu. Atachagua ndogo kwa sababu ya mfuko, au kubwa kwa sababu ya mapenzi, na vyovyote vile kauziwa mbuzi kwenye gunia.

Gunia hilo lina wenyewe. Machi 2024 CMA ilisema zaidi ya 80% ya kliniki zilizoijibu hazikuwa na bei yoyote mtandaoni. Mwaka 2013 makampuni makubwa yalimiliki takriban 10% ya kliniki. Sasa ni karibu 60%, na nyingi bado zina kibao chenye jina la zamani. Mteja anayetoka kliniki hii kwenda ile ya mtaa wa pili huenda anahama mfuko tu, koti ni lile lile. Kati ya 2016 na 2023 bei zilipanda kwa 63%. Sheria ya taaluma, ya mwaka 1966, inambana daktari mmoja mmoja. Kampuni iliyomwajiri haiigusi.

Madaktari wanasema wamechoka kutukanwa kwa sababu ya bili. Nawaamini. Basi watusaidie sote kabla mtu hajafika kaunta: jike, kilo 20, miezi saba, mzima wa afya, Jumanne asubuhi. Ni kiasi gani, na ndani yake mna nini?